Walikuwa washenzi, ndiyo maana wakatawaliwa?

Ndugu msomaji, maneno hayo hapo juu si yangu. Niliyasikia mwaka 2008 ndani ya banda la video mjini Mbinga, yakitoka kinywani mwa kijana mmoja aliyekaa benchi la mbele, na alama ya kuuliza nimeiweka mimi. Yeye hakuuliza kitu. Alisema kama mtu anayefunga mahesabu ya duka jioni: "Hawa walikuwa washenzi, ndiyo maana wakatawaliwa." Watu wakacheka, jenereta likazimwa, tukatoka nje kwenye baridi ile ya Mbinga, kila mmoja akashika njia yake. Toka siku hiyo nimekuwa nikijibizana na kijana yule kichwani mwangu, na yeye bila shaka alishanisahau kabla hajafika kwao.

Wapo watakaouliza: sheikh, wewe na banda la video wapi na wapi? Nilikwenda Mbinga msibani, kwa upande wa shemeji zangu. Usiku wa tatu, baada ya khitma, vijana wa pale nyumbani wakasema twende tukapunguze mawazo. Nisijifiche nyuma yao. Nilikwenda kwa miguu yangu na kiingilio cha shilingi 200 nililipa mwenyewe.

Sinema yenyewe ni Apocalypto, iliyotengenezwa na Mel Gibson wa Hollywood na kutoka Desemba 2006. Inahusu Wamaya, watu wa kusini mwa Mexico na Guatemala, zama za kabla ya kuingia Wahispania. Kijiji cha wawindaji kinavamiwa alfajiri, nyumba zinachomwa, wanaume na wanawake wanafungwa kwenye magogo ya miti na kuswagwa siku kadhaa mpaka mjini. Huko wanawake wanauzwa sokoni, na wanaume wanapakwa rangi ya buluu na kupandishwa juu ya piramidi wakatolewe mioyo kama sadaka kwa masanamu. Mmoja wao, Jaguar Paw, anaponea chupuchupu, anakimbia msituni, na nusu yote ya mwisho ya sinema ni kufukuzwa tu. Mkewe mjamzito na mtoto wao mdogo wamo ndani ya shimo refu alikowaficha. Mwishoni, pale anapokaribia kushikwa, wote, wanaokimbiza na anayekimbia, wanasimama ufukweni: majahazi ya Wazungu yametia nanga, na mashua zinakuja pwani zimebeba msalaba.

Wahusika wanasema Kimaya kitupu, hata Marekani kwenyewe watazamaji walisoma maandishi chini ya picha. Kanda yetu ilikuwa imetiwa sauti na mmoja wa wale wafasiri wa Dar es Salaam ambao humfanya kila mtu, awe Mchina au Mmarekani, aseme kama mtoto wa Temeke. Kwa hiyo nilichosikia mimi ni Wamaya wakitukanana kwa Kiswahili cha mjini, na sina budi kukiri kwamba hilo lilisaidia sana kuwafanya watu wa pale wajione wako nyumbani.

Asubuhi yake, barazani, ikawa ndiyo mazungumzo. Msiba una kawaida hiyo, watu wanakaa muda mrefu na maneno ya kumhusu marehemu yanaisha. Mwalimu mmoja wa sekondari alisema sinema ile ni uongo wa kihistoria. Hoja yake ilikuwa kwamba kutoa watu mioyo kwa halaiki kiasi kile kunajulikana zaidi kwa Waazteki, taifa jingine kabisa. Kwamba Wamaya walitoa kafara za watu, ndiyo, lakini si kwa kupanga foleni kama machinjio ya Vingunguti. Na kwamba ile miji yao mikubwa ya msituni ilishaanguka kiasi cha mwaka 900 hivi, miaka mia sita kabla ya Mhispania yeyote kuonekana. Gibson kachukua vitu vya zama tatu akavitia chungu kimoja. Baadaye nilipokuja kusoma nikakuta mwalimu yule alikuwa sahihi, na kwamba Wamaya wenyewe wa Guatemala walikuwa wamelalamika sinema ilipotoka. Sinema haikutaja kwamba watu hawa walijua sifuri kabla Ulaya haijaijua, wala kwamba waliandika vitabu. Vitabu hivyo padri wa Kihispania, Diego de Landa, alivichoma moto mwaka 1562 katika mji wa Maní, na vilivyosalia duniani leo havizidi vinne.

Ustaadhi wa msikiti wa pale alikuja na jambo lake. Yeye alisema hakuiona sinema, lakini kwa namna alivyoieleza nina shaka. Alisema katika kisa kile jua linapatwa mchana, halafu usiku wake mwezi unaonekana mpevu. "Sasa nyie Waislamu mnaofuata mwezi, jua likipatwa mwezi unakuwa wa ngapi?" Watu wakaanza kuhesabu. Jua hupatwa mwishoni mwa mwezi, siku ambazo mwezi hauonekani kabisa. Mpaka upevuke ni wiki mbili. Mamilioni ya dola yametumika na hakuna hata mmoja aliyeangalia juu.

Lakini akaongeza jambo ambalo mimi naliona ndilo zito zaidi. Ndani ya sinema, makuhani wanajua jua litapatwa, wananchi hawajui, na wanautumia ujinga ule kuwatisha na kujitukuza. Ustaadhi akatukumbusha mwaka wa 10 Hijria, siku aliyofariki Ibrahim, mtoto mchanga wa Mtume (SAW), jua lilipatwa Madina, na watu wakaanza kusema jua limemlilia mtoto yule. Mtume alikuwa ametoka kuzika. Angeweza kunyamaza tu, na kunyamaza kule kungempa utukufu wa bure. Akawakatalia hapo hapo, akasema jua na mwezi havipatwi kwa sababu ya kufa wala kuzaliwa kwa mtu.

Mama mmoja aliyekuwa akipitisha chai alisikia mabishano yetu akasema yeye kwa upande wake alichokiona ni yule mama aliyeachwa shimoni na mtoto, maji yanajaa, uchungu umemshika. "Hayo mengine ni ya wanaume," akasema, akaondoka na sinia lake. Hakuna aliyemjibu.

Aliyetunyamazisha zaidi ni mzee mmoja wa Kimatengo, umri wake naukadiria miaka themanini. Alikuwa amesikiliza muda wote bila kuchangia. Akauliza: hiyo sinema mmeitoa wapi? Tukamwambia Marekani. Akasema hapana, hiyo bibi yangu alikuwa akinihadithia. Kuvamiwa alfajiri, nyumba kuchomwa, watu kufungwa shingo, watoto wadogo wanaoachwa njiani kwa sababu hawawezi kutembea. Akanyoosha fimbo kuelekea mashariki, upande wa Songea, akasema: "Walitokea kule." Halafu akanitazama mimi, maana alijua kwetu ni Songea.

Sasa basi, hebu tuliangalie jambo hili kama lilivyo. Wangoni walivuka mto Zambezi Novemba 1835 wakitoka kusini, na vitabu vya historia vinasema siku ile jua lilipatwa (na hilo halina dosari ya mwezi, wataalamu wa nyota wamelihakikisha). Baada ya kufariki Zwangendaba huko Ufipa wakagawanyika, na waliokuja kukaa Songea wakajenga dola mbili, Njelu na Mshope, ambazo ziliishi kwa vita. Livingstone alipoliona ziwa Nyasa kwa upande wa kaskazini magharibi mwaka 1861 alikuta vijiji vimechomwa na mifupa ya watu imezagaa, kazi ya Wangoni wengine wa ng'ambo ile, wale waliokuwa wakiitwa Mazitu. Upande wetu huu, wakazi wa ufuko walijificha kwenye miamba, wengine wakajenga vibanda juu ya nguzo majini. Wamatengo walipanda milimani, na wanaoeleza asili ya kilimo chao cha ngoro, yale mashimo yanayoshika maji kwenye miteremko mikali ambayo mgeni yeyote wa Mbinga hustaajabia, husema yalitokana na kusongamana huko juu ambako adui hakufika kwa urahisi.

Mateka wa Wangoni waliitwa sutu. Wavulana walikuzwa, wakapewa ngao na mkuki, na baada ya miaka michache wakaenda kuvamia wenzao. Wasichana waliolewa. Babu yangu, Allah amrehemu, alikuwa mjukuu wa msichana mmoja wa namna hiyo, aliyechukuliwa ufukoni mwa ziwa. Nyumbani kwetu sisi ni Wangoni na tunajivuna hasa, na habari ya bibi yule ilitajwa mbele yangu mara mbili tu katika utoto wangu, kwa sauti ya chini. Kwa hiyo mzee aliponitazama, alikuwa anamtazama mvamizi na mvamiwa katika kanzu moja. Yeye hakujua hilo. Sikumwambia.

Turudi kwa kijana wa benchi la mbele. Alichosema ndicho sinema ilichomfundisha, maana hata kabla ya picha ya kwanza Gibson ameweka maneno ya mwanahistoria mmoja wa Marekani, Will Durant, yenye maana kwamba staarabu kubwa haishindwi na adui wa nje mpaka iwe imeshajibomoa yenyewe kwa ndani. Halafu saa mbili nzima unaonyeshwa damu, na mwisho unaonyeshwa majahazi. Mwenye sinema anaweza kujitetea kwamba hakuwasifu Wahispania, na ni kweli. Wanaonekana dakika moja tu na Jaguar Paw mwenyewe anakataa kuwaendea, anarudi msituni na mkewe. Lakini mpangilio una ulimi wake. Ukimwonyesha mtu nyumba chafu kwa saa mbili halafu ukamwonyesha mtu mwenye ufagio mlangoni, huna haja ya kumwambia kitu.

Na hao wenye ufagio walikuwa nani? Hapa Muislamu ana la kusema kuliko wengine. Mwaka uleule wa 1492 ambao Columbus alivuka bahari kwa fedha za wafalme wa Hispania, ndio mwaka ambao wafalme wale waliingia Granada, ngome ya mwisho ya Waislamu wa Andalus. Waliahidi kwa maandishi kwamba dini za watu zitaheshimiwa. Haikupita miaka kumi Kardinali Cisneros akachoma vitabu vya Kiarabu hadharani mjini humo, watu wakabatizwa kwa lazima, na kati ya 1609 na 1614 wajukuu wa hao waliobatizwa wakafukuzwa nchini wote, kwa mamia ya maelfu. Mahakama zao za dini ziliwapeleka watu kuchomwa wakiwa hai mbele ya umati uliovaa nguo za sikukuu. Sasa kijana wangu, kama ukatili wa ndani ndio unaompa mgeni kibali cha kuja kutawala, nani alikuwa na haki ya kwenda kuitawala Hispania? Na baada ya 1945, dunia ilipoona waliyoyafanya Wajerumani, mbona hatukusikia kwamba wao sasa ni washenzi na wanastahili kutawaliwa miaka sabini na Wamakonde?

Hoja ile, kwa hiyo, haishiki. Ukatili ni dhambi ya aliyeutenda. Haugeuki kuwa hati ya shamba mkononi mwa jirani.

Hapa kwetu hati hiyo ilitumika. Mwaka 1893 ziwani Nyasa ilianza kazi meli ya Wajerumani iliyoitwa Hermann von Wissmann. Sehemu ya fedha zake zilitokana na bahati nasibu iliyochezeshwa Ujerumani kwa jina la kupinga biashara ya utumwa, yaani kamari, kamari kwa ajili ya kutukomboa sisi. Miaka minne baadaye wakajenga boma Songea. Wavamizi wakaambiwa waache uvamizi, na hapana budi tuseme wazi kwamba kuna watu Umatengo na ufukoni walioshusha pumzi. Kisha ikaja kodi, yakaja mashamba ya lazima, vikaja viboko. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905 na kufika Ungoni, waliokuja kutokomeza ukatili wakachoma mashamba na maghala makusudi ili njaa imalize kile ambacho bunduki haikumaliza. Viongozi wa Kingoni zaidi ya 60 walinyongwa Songea, wengi wao siku moja ya tarehe 27 Februari 1906. Nduna Songea Mbano naye akanyongwa, na ukoo wake mpaka leo unatafuta fuvu lake linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Waliokufa katika vita vile na njaa yake, Wajerumani wenyewe walikadiria 75,000. Wanahistoria waliokuja baadaye, akiwemo Mtanzania mwenzetu Gilbert Gwassa, wanakwenda mpaka laki mbili na nusu na zaidi.

Meli ile nayo, kwa anayependa kujua mwisho wake, Agosti 1914 ilikuwa imepandishwa nchi kavu Liuli, ambako wao walikuita Sphinxhafen kwa sababu ya lile jiwe kubwa linalofanana na sanamu la Misri, ikapigwa mzinga na meli ya Waingereza. Wakombozi wamepigana wao kwa wao kwenye maji ya watu.

Mpaka hapa, ndugu msomaji, nadhani tuko pamoja, na baadhi yenu mnatikisa kichwa kwa kuridhika. Makala ningeweza kuikatia hapa ikapendeza. Tatizo ni kwamba nimeshaandika makala za namna hiyo huko nyuma, na mwaka ule Mbinga ndipo nilipoanza kuona kasoro yake.

Mateka wa Wangoni hawakubaki wote Ungoni. Wengine waliuzwa kwa misafara. Kikole, humu humu mkoani Ruvuma, kilikuwa kituo cha misafara hiyo, na njia ilikwenda mpaka Kilwa Kivinje. Rigby, konseli wa Uingereza mjini Unguja, alihesabu watu 19,000 kwa mwaka kutoka nchi ya Nyasa peke yake wakipita forodhani Unguja. Mnaweza kuniambia konseli wa Kiingereza ana sababu zake za kuongeza hesabu. Sawa, ondoeni nusu. Walionunua na kuswaga, wengi wao walikuwa watu wa majina kama yangu, wenye kuswali kama ninavyoswali. Na dini yangu mimi, ambayo simbadilishii mtu kwa ufalme wa dunia, iliingia Songea kwa njia ileile ya msafara. Aliyemsilimisha babu wa babu yangu inawezekana kabisa alifika pale akiwa na pembe na minyororo.

Sisi tumezoea kulijibu jambo hili kwa kusema ni propaganda za wamishenari. Na propaganda ipo, nani asiyejua? Tumesomeshwa shuleni kitabu chenye picha ya mtu wa kilemba na mjeledi, na hakuna picha ya meli za Wareno na Waingereza zilizobeba mamilioni kuvuka Atlantiki. Hilo lina haki ya kulalamikiwa. Lakini kulalamika kwamba jirani anasimulia aibu yangu kwa kuongeza chumvi hakuifuti aibu yenyewe. Hadithi iliyopokewa na Bukhari inataja watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama, na mmojawapo ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Yule msichana wa ufukoni alikuwa mtu huru. Alikuwa anachota maji. Kwa kipimo cha dini yenyewe, bila kumwazima mmishenari hata neno moja, biashara ile ilikuwa na mgomvi wake tangu siku ya kwanza. Kwa nini basi niwe wakili wa watu ambao mshitaki wao ni Allah?

Nikitazama hivyo, mimi na Gibson tunafanya kazi moja. Yeye kaweka ukatili wa Wamaya mbele ili majahazi yaonekane safi, na mimi naweka ukatili wa majahazi mbele ili msafara wetu uonekane safi. Kati yetu wawili, mwenye kuvamiwa alfajiri hajapata msemaji.

Swali la ustaadhi nalo lipo: je, ni halali kukaa na kutazama damu namna ile kwa starehe? Wengi wanalijibu upesi, ama haramu tupu, ama "ni maigizo tu, sheikh." Mimi natoka taratibu. Qur'an imejaa habari za mauaji. Lakini angalieni kisa cha wana wawili wa Adam katika Sura al-Maida: kuuawa kwenyewe kumepita kwa neno moja, na kinachokaa machoni ni kunguru anayefukua ardhi, na muuaji anayejuta kwamba hakujua hata kumsitiri nduguye. Na katika Sura al-Buruj, wale wa mahandaki ya moto wanalaumiwa pamoja na jambo la kukaa kwao pembeni wakitazama wanayofanyiwa waumini. Walikuwa wanachoma watu kweli, sisi tulikuwa tunatazama rangi na waigizaji. Sitaki kulinganisha visivyolingana. Hata hivyo, nakumbuka mahali fulani katika ile nusu ya kukimbizana, mmoja wa wavamizi alipopigwa na ule mtego kifuani, banda zima lilipiga kelele za furaha, na mimi nilikuwa mmojawapo. Nilisimama. Mtu mzima, siku tatu baada ya kuzika. Kabla yake sinema ileile ilikuwa imeonyesha mvamizi mkuu akimshika mwanawe anayekata roho, akimpunguzia maumivu kwa maneno ya upole, na naona hapo ndipo Gibson alipofanya kazi ya maana kuliko kwingine kote. Sikukumbuka chochote katika hayo.

Sinema haikunilazimisha kusimama. Lakini ilijua nitasimama, na ilijengwa kwa ajili hiyo. Nadhani kutazama kunaanza kuwa ubaya hapo, pale unapotaka mtu afe na hujui tena kwa nini, na sheikh anayetoa fatwa bila kuwahi kukaa kwenye benchi lile hawezi kukuonyesha mahali penyewe ni wapi.

Wamaya, nisisahau, hawakuisha. Wapo kwa mamilioni hivi leo. Sinema inawaacha wakiyatazama majahazi kana kwamba habari yao imekoma pale, ilhali katika vita vya Guatemala vya 1960 hadi 1996 watu wapatao 200,000 waliuawa au kupotezwa, na tume ya ukweli ilipotoa ripoti mwaka 1999 ilikuta kwamba katika kila wahanga kumi waliotambuliwa zaidi ya wanane walikuwa Wamaya, na kwamba sehemu kubwa mno ya uovu ule ilitendwa na jeshi la serikali na wasaidizi wake. Hayo hayakuhitaji piramidi. Hiyo sinema sijaiona kwenye banda lolote.

Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea, akakutana na kizazi cha Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Nilimsikiliza nikafurahi, halafu nikajiuliza sisi tulikwenda lini ufukoni. Wangoni na majirani zao wamefanya utani, na utani ni dawa nzuri, umewezesha watu kuzikana na kuoana. Lakini katika utani hakuna anayetaja jina la mtu.

Mwaka uliofuata nikashuka. Barabara ya Mbinga kwenda Mbamba Bay sasa ni lami, kona kwa kona mpaka ziwa linajifungua chini yako. Kwenye kituo kidogo ufukoni vijana wa mitumbwi walikuwa wamezunguka simu moja, na nilipochungulia nikaona mtu wa rangi ya buluu anapandishwa ngazi. Ni vipande vifupi tu siku hizi, hakuna tena mwanzo wala mwisho, hata majahazi hawayafikii. Nikawauliza wanaonaje. Mmoja akasema, "Kali sana, mzee," akaisogeza niione vizuri. Nikamwambia nimeshaiona.

Niliuliza uliza mpaka nikaelekezwa kwa mzee mmoja anayekumbuka koo za zamani. Alinikaribisha, tukala ugali na mbasa, nikamweleza shida yangu bila kuzunguka: kwetu ni Songea, bibi yake babu yangu alichukuliwa huku, namtafuta alikotoka. Hakushtuka. Akaniuliza kwenu mnamwita nani. Nikamtajia jina, hilo pekee tulilonalo.

Akalirudia polepole mara mbili, kama anayeonja. Kisha akatikisa kichwa. Akasema hilo si jina la watu wa huku, hilo atakuwa alipewa huko huko. Akaniuliza kama najua jina lake lingine.

Tulikaa kimya kidogo. Halafu akamwita mjukuu wake aje aninawishe mikono, akanikumbusha kwamba gari la kwenda Liuli linaondoka saa nane na nisipowahi nitalala pale.